Kwa Nini Mtazamaji Husamehe Picha Hafifu Kuliko Picha Inayoganda?

Mtandao unapoelemewa jioni, mkazi wa Mikindani anayetazama video kwenye simu hukutana na mojawapo ya mambo mawili: picha inafifia, au inaganda. Wengi huvumilia la kwanza na kukerwa na la pili, na sababu zake zimo katika jicho na katika subira ya binadamu.

Seva, yaani kompyuta inayohifadhi na kutuma video, huwa na matoleo kadhaa ya video ileile yenye ubora tofauti, kila moja likiwa limekatwa vipande vya sekunde chache. Programu hupima kasi ya mtandao, kisha huomba kipande kinachofuata kutoka toleo ambalo kasi hiyo inalimudu. Mtandao ukipungua kasi, ubora nao hushuka, lakini upungufu huo mara nyingi haugunduliki, kwa kuwa jicho hutambua mwangaza kwa makini zaidi kuliko rangi, na video inapobanwa rangi ndiyo hupunguzwa zaidi; tena kioo cha simu ni kidogo mno kuonyesha tofauti yote iliyopo kati ya picha ya mistari 480 na ile kali zaidi ya mistari 1080. Katika kibanda umiza chenye runinga kubwa, tofauti hiyo huonekana waziwazi.

Kusubiri hakufichiki. Mwaka 2012, watafiti Krishnan na Sitaraman walichambua video zilizotazamwa mara milioni 23 kupitia mtandao wa Akamai, kampuni inayosambaza video na tovuti, wakabaini kwamba watu huanza kuondoka video inapochelewa kuanza kwa zaidi ya sekunde 2, na kwamba kila sekunde inayoongezeka huongeza wanaoondoka kwa takriban asilimia 5.8.

Hata hivyo, nadhani ni kosa kuifanya kanuni hii, kwamba picha hafifu ni afadhali kuliko inayoganda, kuwa ya video zote. Mahojiano hueleweka hata picha ikififia, mradi sauti isikatike. Lakini katika mechi ya Namungo pale Ruangwa, mpira ni kitu kidogo kinachokwenda kasi, na ubora ukishuka sana humezwa na majani, hivyo mtazamaji hukosa kile hasa alichonunulia bando. Ubora unaopanda na kushuka kila mara nao huudhi, pengine kuliko ubora wa wastani usiobadilika.

Mechi ya moja kwa moja ina ugumu wake pia. Programu ikijiwekea akiba kubwa ya vipande, picha haigandi ovyo, lakini goli humfikia mtazamaji likiwa limechelewa, wakati jirani mwenye redio ameshashangilia. Akiba ikipunguzwa, goli huwahi, ila mtandao ukiyumba kidogo tu picha husimama.