"Lupus ya moyo" ni nini hasa?

Nimesikia tena mtu anasema shemeji yake ana "lupus ya moyo", mwenzie akamjibu basi wamuwahi kabla haijahamia kwenye figo. Jamani haihami. Lupus ni moja, kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, na inaweza kugusa ngozi, maungio ya mifupa, figo na moyo hata kwa wakati mmoja. Wagonjwa kama 9 kati ya 10 ni wanawake. Kwa hiyo "lupus ya moyo" ni lupus ileile iliyogusa moyo, maana yake ndo hiyo.

Kinachoniuma ni watu kuchanganya utando wa moyo na mishipa inayoulisha moyo damu, maana hivi vitu viwili havifanani hata kidogo. Utando unaozunguka moyo ukivimba mgonjwa anajua, kifua kinachoma kama kisu, akilala chali inazidi, akivuta pumzi inazidi, akikaa akainamia mbele anapata nafuu. Hii ndo shida ya moyo inayotokea zaidi kwa watu wa lupus. Anapelekwa hospitali, anapimwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), anapewa dawa za kushusha uvimbe, na wengi wanapona. Vali, yaani milango ya ndani ya moyo, nazo zinaweza kuota vijinyama visivyo na bakteria, madaktari Libman na Sacks wa New York waliviandika tangu 1924, ila wengi wanaishi navyo bila kujua.

Sasa mishipa ndo inayonitisha, kwa sababu yenyewe iko kimya. Ule uvimbe wa ndani kwa ndani unaharibu kuta za mishipa miaka na miaka, mafuta yanaganda mapema kuliko umri wa mtu, halafu prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza lupus, ya dozi kubwa ikitumika muda mrefu inapandisha presha, sukari na kolesteroli, na kama figo zimeguswa presha inapanda zaidi. Mwaka 1997 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walikuta wanawake wenye lupus wa miaka 35 hadi 44 wanapata mshtuko wa moyo zaidi ya mara 50 ukilinganisha na wenzao wa umri huo. Namba ni kubwa hivyo kwa sababu umri huo mwanamke asiye na lupus ni nadra sana kupata mshtuko wa moyo, na ndo maana mwenye lupus akifika hospitali anatoka jasho, kichefuchefu, taya linauma, ni rahisi kuambiwa ni vidonda vya tumbo. Na wapo wenye kingamwili zinazogandisha damu, hao hata mshipa usio na mafuta unaweza kuzibwa na donge, ikawa moyo au ikawa kiharusi.

Halafu mtu anaacha haidroksiklorokwini kisa kaambiwa ni dawa ya malaria, wakati inatuliza lupus na inasaidia kupunguza damu kuganda. Usiache bila kuongea na daktari wako.

Kwahiyo ukisikia "lupus yake imelala, moyo hauna shida", mrekebishe taratibu tu. Kulala kwa lupus hakufuti kilichokwisha jijenga kwenye mishipa. Bado apime presha na kolesteroli, sigara aache kabisa, na kifua kikimbana akipanda ngazi kikaachia akipumzika, asiambiwe ni ule uvimbe wa utando wa mwaka jana umerudi, hiyo inaweza kuwa mishipa.