Final Fantasy VI kwenye Game Boy Advance: nilichosikia nilipoweka mashine mbili pamoja

Mwezi uliopita mteja mmoja aliniletea Game Boy Advance SP, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo inayokunjwa, skrini ina mstari mweusi katikati na batani ya L haishiki kabisa. Nikaifungua, nikabadilisha skrini, nikasafisha batani kwa spiriti, na kazi ikiisha huwa lazima niijaribu mashine kwa muda maana hizi skrini za kubadilisha zinaweza kukaa vizuri dakika kumi alafu zikaanza kucheza. Kaseti iliyokuwa karibu ilikuwa Final Fantasy VI Advance. Nikaiwasha saa moja jioni, nilipokuja kushtuka mlinzi wa mtaa ananigongea dirisha ananiuliza fundi leo unalala hapa? Mashine ya watu niliirudisha kesho yake, ila gemu nimeihamishia kwenye SP yangu na mpaka leo naendelea nayo.

Kwa wasioijua, hii ni RPG, zile gemu za stori ndefu ambazo unaongoza kundi la watu, wanapanda levo, unawanunulia silaha, na kwenye mapigano kila mmoja ana geji yake ya muda, ikijaa ndo anaruhusiwa kupiga. Kampuni ya Square waliitoa Japani tarehe 2 Aprili 1994 kwenye Super Famicom, mashine ya kuunganisha na TV ambayo nje ya Japani inaitwa Super Nintendo. Wamarekani waliipata mwaka huo huo ila kwa jina la Final Fantasy III, kwasababu ya pili, ya tatu na ya tano za Kijapani zilikuwa hazijawafikia kwahiyo hesabu yao ikawa nyuma. Toleo la Game Boy Advance lilitoka Japani tarehe 30 Novemba 2006, ndo ilikuwa gemu ya mwisho kabisa kutolewa kule kwa mashine hiyo, alafu 2007 ikaenda Marekani na Ulaya.

Sasa mimi kazi yangu ni kufungua hizi mashine, najua ndani kuna nini, na kila nikisoma watu wanabishana ipi bora kati ya ya zamani na ya mkononi naona wanabishana bila kuangalia chuma. Kwahiyo nikafanya hivi: SP upande wa kushoto wa meza, Super Nintendo upande wa kulia imeunganishwa na TV ya chogo niliyoitunza kwa kazi hii tu, zote nikazifikisha sehemu moja ya stori, pale kwenye opera.

Kama hujawahi kufika pale nikueleze. Celes, aliyekuwa jenerali wa dola, inabidi achukue nafasi ya mwimbaji anayeitwa Maria jukwaani, na wewe mchezaji unatakiwa uwe umekariri mashairi maana yanakuja machaguo na ukikosea anavurunda. Nobuo Uematsu ndo alitunga muziki. Kaseti haikuwa na nafasi ya kuweka sauti ya mtu anaimba, kwahiyo wakatengeneza kasauti kama ka "aaa" na kukapiga kama kinanda, na ukisikia unaamini kabisa kuna mwanamke anaimba. Kwenye TV ya chogo ile sauti inatoka ina mwangwi nyuma yake kama iko ukumbini kweli, inaisha taratibu, inafifia. Kwenye SP nota ni zile zile, mpangilio ni ule ule, lakini mwimbaji ni kama amehamishiwa kwenye kachumba kadogo kasikokuwa na mwangwi, na pale anaposhusha sauti unasikia chini yake "shhhh" kama redio ambayo haijakaa sawa kwenye stesheni. Nilizima nikawasha mara tatu nikidhani spika niliyofunga ndo mbovu. Spika nzima. Ni mashine ndo iko hivyo.

Na hapa ndo watu wanashangaa nikiwaambia, maana prosesa ya Game Boy Advance ina kasi kubwa zaidi. Ile ya Super Famicom inakwenda kama megahezi 3.58 tu, ya Advance ni 16.78 na ni ya biti 32. Inakuwaje yenye nguvu ndo itoe muziki mbovu? Jibu ni kwamba Super Famicom ilikuwa na mtu wake wa muziki. Ndani kuna chipu ya Sony iliyobuniwa na Ken Kutaragi, huyo huyo aliyekuja kuitengeneza PlayStation, ina memori yake ya kilobaiti 64, inapiga sauti 8 kwa pamoja, na mwangwi imeumbwa nao humo humo. Prosesa kubwa inaiambia tu piga wimbo huu, alafu inaendelea na mambo yake. Game Boy Advance haina kitu hicho. Ina zile chaneli nne za milio ya Game Boy ya zamani, na chaneli mbili za kupigia sauti zilizorekodiwa, kila moja biti 8. Ukitaka vyombo vinane vilie pamoja, prosesa yenyewe ndo inabidi ivichanganye, huku inachora ramani, inahesabu damu za maadui, inasoma batani.

Chukulia mgahawa wenye mpishi jikoni na mhudumu nje, hiyo ni Super Famicom. Advance ni mama ntilie peke yake, mikono yake ni miepesi kuliko ya hao wawili wote ukiwajumlisha, lakini yeye ndo anasonga ugali, yeye anapakua, yeye anapokea hela, na wateja wakijaa lazima kitu kimoja kilegee. Hapa kilicholegezwa ni muziki. Na hiyo biti 8 maana yake sauti ina ngazi 256 tu za kupanda na kushuka, wakati biti 16 ina ngazi 65,536, kwahiyo wimbo ukiwa na kelele nyingi hausikii tofauti sana, ila ukiwa mtulivu zile ngazi chache zinaonekana zote, ndo lile shhhh. Nyimbo za mapigano kwenye SP ziko poa tu. Opera ndo inaumia kwasababu opera imejaa utulivu. Kuna mashabiki waliokaa chini wakaandika patchi, yaani kiraka cha programu, ya kurekebisha muziki wa hili toleo, na ukiisikia unagundua mashine ingeweza kufanya vizuri zaidi ya ilivyofanyishwa, hilo linaniuma kuliko udhaifu wa chuma wenyewe.

Skrini nayo. Super Famicom inachora picha ya pikseli 256 kwa 224, Advance ni 240 kwa 160. Wahusika hawakupunguzwa ukubwa, kwahiyo kilichokatwa ni nafasi iliyowazunguka, mistari 64 ya urefu imeondoka. Kule Narshe mji wa theluji kwenye TV unaona mlima umekuinamia, kwenye SP unaona nyumba na kipande cha ngazi. Rangi pia zimepaushwa, na hili lina historia yake: Advance ya kwanza ya 2001 haikuwa na taa kabisa, ulikuwa unacheza unatafuta dirisha lilipo, watengenezaji wakazoea kuzipandisha rangi zote zionekane kwenye giza. SP ilipokuja na taa 2003 mazoea yalibaki, ndo maana ukifunga skrini mpya yenye mwanga mkali kama ninazofunga siku hizi gemu nyingi zinaonekana kama kanga iliyofuliwa mara mia.

Mpaka hapa utadhani naiponda. Siipondi kabisa, na nitakwambia kwanini.

Kwanza maneno. Toleo la Kiingereza la 1994 alilitafsiri Ted Woolsey, alipewa takriban siku 30 kwa gemu nzima, na Kiingereza kinakula nafasi nyingi kuliko Kijapani kwenye kaseti kwahiyo alikuwa anakata sentensi anatupa. Juu ya hapo Nintendo ya Marekani ilikuwa na masharti yake kuhusu dini na pombe. Uchawi wa Holy ukaitwa Pearl. Baa zikaitwa cafe. Ile dawa ya kumwamsha aliyezimia, Phoenix Down, ikaandikwa Fenix Down ili herufi zitoshe kwenye kisanduku, na mimi niliyeijulia hapo nilikaa miaka nikiamini Fenix ni jina la kampuni ya dawa ndani ya stori. Kwenye Advance tafsiri ilifanywa upya na Tom Slattery, Holy imerudi kuwa Holy, watu wanaongea sentensi kamili, na kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hakufuta kila kitu cha Woolsey, mistari ambayo watu walishaizoea na kuipenda aliiacha. Kefka, yule adui mkuu, bado anatukana vile vile. Hiyo ni heshima ya mtu anayejua anaingia kwenye nyumba ya wenyewe.

Pili, kasoro za zamani wamezirekebisha, na moja ni kubwa mno. Kwenye gemu ya 1994 kila mhusika ana namba ya kukwepa mapigo ya silaha, inaitwa Evade, unanunua ngao unaona namba imepanda unafurahi. Ile namba haikuwa inafanya kazi. Kabisa. Programu ilikuwa inasoma namba ya kukwepa uchawi kwa kila kitu, upanga, mshale, moto, vyote. Watu wametumia hela za gemu miaka kumi na mbili kununua ngao kwa ajili ya namba ambayo hakuna mtu alikuwa anaiangalia. Hata ugonjwa wa upofu, unaotakiwa kukufanya ukose shabaha, haukuwa na athari yoyote kwa watu wako. Advance imerekebisha yote hayo. Ule ujanja wa kumfanya bosi asionekane alafu kumpiga uchawi wa kifo akafa papo hapo nao umefungwa. Na mchoro wa Relm, yule binti anayepigana kwa kuchora maadui, ambao kwenye matoleo ya mwanzo ulikuwa unaweza kukuvuruga begi zima la vitu mpaka faili la seivu likaharibika, sasa unautumia bila hofu.

Tatu ni jambo ambalo wabishi wa mtandaoni walio kwenye nchi zenye umeme wa uhakika hawalitaji. Gemu hii ina masaa zaidi ya thelathini. Kwenye TV unaseivu kwenye ramani kubwa au pale penye alama maalum tu, ukiwa katikati ya pango na umeme ukaenda, umekwenda na saa lako zima. Nimepoteza namna hiyo mara nisizoweza kuhesabu. Kwenye Advance kuna seivu ya haraka popote ulipo ukitembea, na Nintendo wenyewe walisema betri ya SP inakaa kama masaa kumi taa ikiwa imewashwa. Nacheza kwenye daladala, nacheza nikisubiri solda ipoe, nacheza mtaa mzima ukiwa giza. RPG inataka mtu airudie rudie kidogo kidogo kila siku kama unavyofuatilia tamthilia, na mashine ya kukunja inaingia mfukoni inaendana na hilo kuliko TV.

Ushauri wangu ukitaka kuianza: tafuta DS au DS Lite, mashine za mkononi za Nintendo zilizofuata, badala ya SP, zote mbili zinapokea kaseti za Advance na zina tundu la hedifoni, SP haina tundu hilo bila adapta. Hedifoni inasaidia muziki kuliko kile kispika. Na kaseti angalia sana. Mimi ninayeandika haya niliagiza moja mtandaoni kwa bei nzuri, ikafika, ikawaka, nikacheza masaa kumi na moja, siku moja nikawasha seivu hamna. Nimeifungua ndani nakuta kabetri kadogo kameshachoka na chipu imemwagiwa gundi nyeusi, feki mtupu. Kabla ya kununua chungulia pale kwenye meno ya kaseti, ya halali utaona neno Nintendo limechapwa kwenye bodi, na lebo ya mbele ikielekezwa kwenye mwanga unaona namba ndogo zimegandamizwa kwenye karatasi. Feki nyingi hazina hayo.

Jana nilifika kule kwenye bara linaloelea. Anayetaka kucheza mwenyewe aishie hapa. Kuna kutoroka, saa ya dakika 6 inarudi nyuma, unakimbia unapigana mpaka ukingoni ambapo ndege inasubiri chini, na gemu inakuuliza uruke au usubiri. Shadow, yule jamaa wa mbwa, kabaki nyuma. Ukiruka bila yeye amekufa, hutamuona tena mpaka mwisho. Inabidi usimame pale, usifanye kitu, mpaka zibaki sekunde 5. Nimesimama, saa inasoma sekunde 40, nikaona taa ya SP imegeuka kutoka kijani kuwa nyekundu, betri inakata, na chaja iko kwenye droo upande wa pili wa chumba. Sikunyanyuka. 20. 10. Nilishika ile mashine kwa mikono miwili kama vile kuishika vizuri kungeongeza chaji. Ikafika 5, Shadow akaingia mbio kutoka juu, ndo nikaruka naye, nikaenda kutafuta chaja.