Onyesho la Magari ya Zamani: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Watu wengi hutoka kwenye onyesho la magari ya zamani na picha tele kwenye simu, lakini hawana cha kusimulia. Wamezunguka, wameona rangi nyekundu na kromu, wamechoka, wamerudi. Lawama si yao peke yao. Kuna mawazo yaliyozoeleka kuhusu maonyesho haya, nayo humpeleka mtu kwenye onyesho lisilomfaa, au humpitisha mbele ya gari la maana bila kuliona. Mimi huyapima maonyesho kwa jambo moja: je, magari yako hai, na wenyewe wapo kuyaeleza? Hilo likiwepo, mengine hupata nafasi yake.

Dhana: Onyesho zuri ni lenye magari ya bei mbaya

Pebble Beach kule California, tangu 1950, na Villa d'Este kando ya Ziwa Como nchini Italia, tangu 1929, ndiyo majina yanayotajwa kwanza. Yanastahili sifa zake. Lakini bei inakueleza mambo ya soko tu, haikuelezi kama utafurahi kulitazama gari.

Huko Uingereza, tangu 2014, kuna onyesho linaloitwa Festival of the Unexceptional. Linakaribisha magari ya kawaida kabisa, yale yaliyouzwa kwa familia na kwa watu wa mshahara: magari ya saluni ya rangi ya kahawia, viti vya kitambaa, madirisha ya kuzungusha kwa mkono. Inashangaza, lakini magari ya namna hii mara nyingi ni adimu kuliko ya kifahari. La kifahari lilifunikwa turubali tangu likiwa jipya. La kawaida lilibeba watoto, magunia na wagonjwa, likachakaa, likauzwa kwa chuma chakavu, na hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimepotea. Kulipata moja ambalo bado lina vifuniko vyake vya magurudumu na redio yake ya kwanza ni tukio.

California nako, tangu 2009, kuna Concours d'Lemons, ambako magari yaliyoonwa kuwa mabaya kupita yote huletwa na wenyewe wanaoyapenda kwa dhati. Tazama watu wanavyojipanga kwenye maonyesho kama hayo. Mbele ya Ferrari wanapiga picha na kuondoka. Mbele ya gari la kawaida wanasimama na kuanza kuongea: baba alikuwa nalo, mwalimu wetu alikuja nalo shuleni, mlango wa nyuma ulikuwa haufunguki kwa ndani. Wageni wasiojuana wanajikuta wanasimuliana.

Dhana: Linalong'aa zaidi ndilo bora

Hii ndiyo iliyofanya uharibifu mkubwa kuliko zote. Kwa miaka mingi magari yaliyokuwa yamebaki kama yalivyotoka kiwandani yalivuliwa rangi, yakakwanguliwa hadi bati, yakapakwa upya, yakawekewa ngozi mpya na kromu mpya, ili yashinde vikombe. Mengine yalitoka kwenye karakana yakiwa mazuri kuliko yalivyopata kuwa siku ya kwanza: rangi nene yenye kina kama kioo ambayo kiwanda cha wakati huo kisingeweza kuipaka, mianya ya milango iliyonyooka kupita kiasi, boliti zilizong'arishwa mahali ambapo kiwandani ziliachwa hivihivi. Majaji makini siku hizi hukata alama kwa hilo.

Tena tusidhani kwamba vigezo havibadiliki. Pebble Beach yenyewe, katika miaka yake ya mwanzo, ilikuwa ikiyapa magari mapya tuzo kuu. Gari la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia lilishinda kwa mara ya kwanza mwaka 1955: Pierce-Arrow ya 1931 ya Phil Hill, ambaye mwaka 1961 alikuwa bingwa wa dunia wa Formula 1. Ikachukua muda mrefu tena hadi mwaka 2024, ndipo kwa mara ya kwanza tuzo hiyo ikaenda kwa gari lililohifadhiwa bila kukarabatiwa upya: Bugatti Type 59 ya 1934, rangi yake imepasukapasuka, makovu yake yanaonekana. Waliokuwa wakiyatetea magari ya aina hiyo walingoja sana kulishuhudia hilo.

Sababu ya kuyatetea si mapenzi ya uchakavu. Gari ambalo halijaguswa ni ushahidi. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi, na pamoja nayo huenda alama za chaki walizoandika wakaguzi kwenye chesisi, aina ya uzi uliotumika kushona kiti, jinsi nyaya zilivyofungwa. Fundi anayetaka kukarabati gari la aina hiyohiyo kwa usahihi huja kulipigia magoti hilo lililoachwa lilivyo, na tochi mkononi.

Kwa hiyo ukifika mbele ya gari, acha kwanza boneti. Tazama pedali. Mpira wa pedali ulioliwa upande mmoja, ngozi ya kiti cha dereva iliyolainika pale paja linapogusa, rangi ya usukani iliyofifia pale mikono iliposhika kwa miongo: mambo hayo hayanunuliki. Nami sisemi kwamba ukarabati ni dhambi. Gari lililookotwa likiwa limeoza lazima lifufuliwe, na kuona kazi ya fundi bodi aliyekunja bati kwa mkono hadi likafuata mstari wa 1930 ni starehe kubwa. Muulize tu mwenye gari nini ni cha asili na nini kimebadilishwa. Atakayekujibu bila kuficha, kaa naye.

Dhana: Gari la thamani halifai kuwashwa

Gari likikaa sana huharibika kimyakimya. Sili za mpira hukauka na kupasuka. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani, kutu ikaanzia ndani ya silinda mahali ambapo jicho halifiki. Petroli huchacha na kuacha utandu wa kunata ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Matairi hupata ubapa pale yanapolalia. Na kuliwasha dakika mbili kisha kulizima si dawa, kwa kuwa injini haijapata joto la kukausha unyevu uliomo kwenye oili na kwenye bomba la moshi. Gari linataka barabara.

Maonyesho yanayojua hilo yamelifanya sehemu ya shughuli. Pebble Beach, tangu 1998, huandaa safari ya barabarani siku chache kabla ya hukumu, na magari mawili ya kundi moja yakifungana kwa alama, lililomaliza safari hiyo ndilo linalopewa ushindi. Goodwood Revival nchini Uingereza, ambayo nayo ilianza 1998, huenda mbali zaidi: magari ya aina zilizoshindana kwenye uwanja huo kati ya 1948 na 1966 hushindana tena, kwa kasi ya kweli, na watazamaji huja na mavazi ya enzi hizo. Mabodi yenye thamani kubwa hukwaruzana mbele ya macho yako. Kuna wanaosema ni kufuru. Mimi naona gari la mashindano lililonyimwa uwanja ndilo lililodhulumiwa.

Halafu kuna safari ya London hadi Brighton, kama kilomita 96, ya magari yaliyotengenezwa kabla ya 1905. Inakumbuka tarehe 14 Novemba 1896, siku sheria mpya ya Uingereza ilipoanza kutumika na kupandisha kikomo cha mwendo kutoka maili 4 kwa saa hadi 14. Humo kuna dhana nyingine ndani ya dhana: husemwa kwamba siku hiyo ndipo ilipofutwa bendera nyekundu ambayo kwa sheria mtu alitakiwa kuibeba akitembea mbele ya magari. Sharti la bendera lilikuwa limeshalegezwa mwaka 1878. Kilichoondoka 1896 ni lile la mtu kutembea mbele ya gari. Hata hivyo bendera bado huchanwa kwenye safari hiyo kabla ya kuondoka, na watu hushangilia. Baadhi ya magari hayafiki Brighton. Utayakuta pembeni mwa barabara, mtu amelala chini yake, mwingine amemshikia spana, na waliosimama kutazama wanajifunza kuliko wangejifunza mbele ya gari lililozungushiwa kamba.

Kabla ya kukata tiketi, basi, uliza swali moja: yatawashwa saa ngapi? Injini ya kabureta ikiamshwa ingali baridi ni somo kamili. Mwenyewe huvuta choki, inayopunguza hewa ili injini baridi ishike, hupiga stata, injini hukohoa, hushika, huyumba. Hasogezi choki kwa haraka. Anainamisha kichwa, anasikiliza, anairudisha kidogokidogo kadiri mlio unavyotulia. Mkono wake umezoea mashine hiyo moja, na hakuna kibao cha maelezo kitakachokufundisha anachokifanya.

Na ukitaka kujua gari lipi lilikuja kwa magurudumu yake na lipi lilibebwa kwenye trela, angalia mbele ya rejeta. Wadudu hawadanganyi.

Dhana: Kama si fundi, hutaelewa kitu

Mtu asiyejua kitu ndiye anayefaidi zaidi, mradi aulize. Chukua Ford Model T, iliyotengenezwa 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15. Yeyote anayeendesha gari la leo akikalishwa humo atakwama. Kuna pedali tatu, lakini ya kushoto ukiikanyaga hadi chini unapata gia nzito, ukiishika katikati ni huru, ukiiachia ni gia ya mwendo. Ya katikati ni rivasi. Ya kulia ni breki. Mafuta huongezwa kwa mkono, kwa wenzo ulio chini ya usukani upande wa kulia, na wa kushoto ni wa kurekebisha wakati wa cheche. Mwenye Model T akikuonyesha hayo kwa mguu wake mwenyewe, utaelewa kwamba namna tunavyoendesha leo haikuwa lazima iwe hivi. Ilichaguliwa miongoni mwa nyingi.

Au simama kando ya Citroën DS, iliyozinduliwa Paris 1955, wakati inapowashwa. Ilikuwa imelala, tumbo karibu na ardhi. Injini inapoanza kusukuma mafuta kwenye mfumo wa majimaji na gesi unaolibeba gari juu ya magurudumu, gari zima linainuka polepole bila mtu kuligusa. Watoto hupiga kelele, na sijaona mtu mzima aliyebaki na uso mkavu. Mercedes-Benz 300 SL ya 1954 nayo ina milango inayofunguka kwenda juu, na wengi hudhani ni mbwembwe. Wahandisi walitumia chesisi ya mabomba membamba yaliyopanda juu sana ubavuni ili liwe jepesi na imara, na mlango wa kawaida ukakosa pa kukaa.

Maswali mazuri ni mepesi. Lilipatikana wapi? Nini kilikusumbua kuliko vyote? Usikae sana kwenye lile la bei, huua mazungumzo. Wala usiguse bila ruhusa: kifungo cha mkanda au zipu ya koti hutosha kuacha mkwaruzo. Lakini omba. Mara nyingi boneti hufunguliwa, na mtoto hukalishwa nyuma ya usukani.

Dhana: Kubwa zaidi, na la tiketi ghali, ndilo la kwenda

Hapana. Magari machache ambayo kila moja mwenyewe yupo ubavuni mwake hushinda mamia yaliyoachwa yamefungwa. Na Woodward Dream Cruise ya Michigan, inayofanyika mwezi Agosti tangu 1995, haina tiketi: unakaa kando ya barabara, magari yanapita. Ni miongoni mwa makubwa kuliko yote duniani.

Dhana: Fika mchana, wakati watu wamejaa

Mchana ndio wakati mbaya. Mwanga ni mkali, kila boneti imezungukwa, wenyewe wamechoka kujibu. Asubuhi na mapema ndipo magari yanapoingia moja moja, na ndipo unaposikia kila injini peke yake. Jioni pia ni nzuri, yanapoondoka, hasa kwa lile linalokataa kuwaka na majirani zake wote wanaokuja kulisukuma.

Dhana: Soko la vipuri ni la wenye magari tu

Wengi hulipita bila kugeuka, na kwangu ni hasara. Hershey, Pennsylvania, kumekuwa na mkutano wa vuli wa wapenzi wa magari ya kale tangu 1955, na soko lake la vipuri limewapita kwa umaarufu hata washindi wa vikombe. Beaulieu, Uingereza, kuna lingine la tangu 1967. Kwenye meza hizo utakuta spidomita zisizo na vioo, masanduku ya funguo zisizojulikana za nani, vioo vya taa, vitabu vya maelekezo vyenye alama za vidole vya oili, matangazo ya magari ambayo kampuni zake zilikufa kabla hatujazaliwa. Utakutana na mtu aliyebeba kipande kimoja kilichovunjika, anazunguka meza hadi meza akitafuta mwenzake. Mfuate. Anajua gari lake kuliko aliyeliandikia kibao, na anapokipata atakueleza, bila kuulizwa, kipande hicho kinafanya kazi gani na kwa nini bila hicho gari zima limelala. Fika sehemu hiyo kabla ya nyingine zote: kile kipuri kimoja adimu huwa kimeshanunuliwa kabla jua halijapanda.