Nguzo za kushuka ardhini: kufuli halizuii gari

"Fundi, niwekee kufuli kubwa kabisa." Wateja wanaoagiza nguzo za maegesho, zile zinazoinuliwa kuzuia gari na kushushwa ardhini kulipitisha, huanzia hapo, utadhani gari litapambana na kufuli. Ulimi wa kufuli una kazi moja: nguzo ikishainuliwa, isirudi chini. Gari likigonga, nguvu inakuja kwa ubavu, na anayeipokea ni nguzo yenyewe, bomba la nje lililozikwa, ambamo nguzo huzama, pamoja na zege linalolishika bomba hilo. Gari la kilo 1,500 kwenye kilomita 50 kwa saa lina nishati ya kilojuli 145 hivi. Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati inakuwa mara nne. Kufuli halimo kwenye hesabu hiyo. Hela ya kufuli la kifahari nunulia bomba nene na zege la kina zaidi.

Kinacholishinda kufuli ni mchanga. Tundu la ulimi likijaa, ulimi unaingia nusu, mlinzi anachomoa ufunguo na kwenda zake. Mtu akikanyaga kichwa cha nguzo, inazama. Kwa hiyo ukishafunga, ikanyage wewe kwanza, kila mara. Na grisi msipake, jamani! Inashika vumbi na kugeuka tope humo humo ndani. Unga wa grafiti unatosha.

Wateja wana maneno mengine pia. "Ziba chini ya shimo kwa zege, maji yasiingie." Maji yanaingilia juu, kwenye upenyo kati ya nguzo na bomba, kwa hiyo ukiziba chini umejenga tangi. Zege likae pembeni tu. Chini weka kokoto, sentimita 30 hivi. Kabla ya kumwaga zege, mimina ndoo ya lita 20 shimoni. Ikipita saa nzima maji bado yamesimama, huo ni udongo wa mfinyanzi: kokoto peke yake hazitasaidia, chimbia bomba la kuyatoa hadi mtaroni.

"Umeme ukikatika zinashuka zenyewe." Kwa zile za haidroliki, yaani zinazoinuliwa na pampu ya mafuta, inategemea valvu. Ipo inayofunguka umeme ukipotea, mafuta yanarudi na nguzo inashuka. Ipo inayojifunga, nguzo inabaki juu mpaka mtu aishushe kwa mkono. Kama gari la zimamoto linapita hapo, amua unataka ipi kabla hujalipa.

"Chuma ni chuma, hata lori litasimama." Nguzo ya daraja la M30, kwa kiwango cha ASTM F2656 (kipimo cha Kimarekani cha vizuizi vya magari), imejaribiwa kwa lori la kilo 6,800 kwenye kilomita 48 kwa saa. Isiyo na cheti cha namna hiyo ihesabu kuwa ya kuwazuia wanaoegesha pasipo ruhusa.