Koili ya Impreza: hamisha kwanza, nunua baadaye

Subaru Impreza ya tabo, yaani yenye feni ya kusukuma hewa ndani ya injini, ikianza kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka, mwenyewe hufika gereji keshajitibu: "Fundi, niwekee koili nne mpya." Kiungo pengine amekipatia. Idadi ndiyo inayonitia mashaka, kwa sababu koili nne kufa kwa pamoja ni nadra, na mara nyingine hakuna hata moja iliyokufa. Msimamo wangu ni huu: koili hainunuliwi mpaka ihamishiwe silinda nyingine na ugonjwa uifuate huko.

Dalili yenyewe ina tabia yake. Ukizunguka kwenye foleni ya Darajani, mjini Zanzibar, gari iko shwari. Ukishaivuka Bububu, barabara ikafunguka, ukakanyaga mafuta na tabo ikaanza kusukuma, ndipo injini inapokohoa na kukata nguvu. Koili hupokea volti 12 za betri na kuzipandisha hadi makumi ya maelfu, ili cheche iruke uwazi wa plagi. Hewa ikibanwa sana ndani ya silinda, cheche hupata tabu kuruka. Tabo inavyozidi kusukuma, ndivyo koili inavyodaiwa volti zaidi. Iliyochoka hushindwa hapo.

Taa ya injini ikianza kupepesa, punguza mguu hapo hapo. Petroli isiyoungua inakwenda kuwakia kwenye masega ya ekzosi, yaani kisafisha moshi, na masega yakiyeyuka, bei ya koili utaiona si kitu.

Nikiunganisha mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu za injini, P0302 inaniambia kwamba silinda ya pili inamisi. Haikutaja koili. Huenda ni plagi, nozeli inayopuliza petroli, au kompresheni, yaani mbano wa hewa kwenye silinda, imeshuka. Hata P0352, inayohusu umeme wa koili ya pili, huweza kuletwa na waya uliokatika au soketi iliyoliwa na kutu. Basi nazima injini, koili ya silinda ya pili naipeleka ya nne, ya nne naileta ya pili. Plagi na nozeli sizigusi kwa wakati huo, kwani nikihamisha vitu viwili pamoja sitajua kipi kimehama na ugonjwa. Nafuta kodi, gari inatoka na kukanyagwa vile vile ilivyokuwa ikikanyagwa ilipomisi. Ikirudi na P0304, koili imejishitaki yenyewe. Ikibaki P0302, koili ni nzima. Nahamisha plagi, kisha naingia kwenye nozeli na kompresheni.

Mbili na nne nimezichagua kwa kuwa ziko upande mmoja. Silinda za injini hii zimelala, mbili huku na mbili kule, na kuzifikia koili mpaka utoe boksi la hewa upande mmoja, betri na tangi la maji ya waipa upande wa pili. Hakuna haja ya kufungua kote.

Kupima kwa mita ya omu hakunitoshi. Koili nyingi za aina hii zina swichi ya elektroniki ndani, na koili huweza kupima vizuri ikiwa baridi, ikaanguka ikishapata moto.

Ukiwa nayo mkononi, itazame. Visiwa vyetu vina chumvi hewani, na gari inayolala karibu na pwani, Nungwi au Paje, mara nyingi naikuta na ukijani kwenye pini za soketi. Pini hizo zisafishwe au soketi ibadilishwe, la sivyo koili mpya nayo itamisi. Mstari mwembamba wa kijivu au mweusi kwenye mpira wa koili unaovaa plagi au kauri ya plagi ni njia ambayo umeme umejichongea kuvujia nje. Hapo mpira na plagi vyote vinatoka. Ukikuta oili kwenye shimo la plagi, sili ya kava ya tapeti, kifuniko cha vali, imechoka. Anza na sili, maana oili hulainisha ule mpira mpaka ukaharibika.

Kufunga kwenyewe ni kazi fupi. Injini ipoe kwanza, kwani vichwa vya silinda ni alumini na uzi wake huharibika plagi ikifunguliwa ya moto. Puliza shimo kwa upepo wa kompresa, mchanga usije ukadondokea ndani. Uwazi wa plagi uwe milimita 0.7 hadi 0.8. Plagi iliyolika, uwazi ukapanuka, huichosha koili kila siku, kwa hiyo plagi nabadilisha zote nne hata kama koili ni moja. Paka grisi ya silikoni kidogo ndani ya mdomo wa mpira, sukuma koili mpaka ikae, kaza boliti kwa mkono mwepesi.

Kwenye kununua, bora koili ya asili iliyotumika kutoka Japani kuliko mpya ya boksi lisilo na jina. Iliyotumika ijaribiwe gari ikiwa ya moto, gia ya tatu, tabo ikisukuma, mahali pasipo na watu, kisha kodi zisomwe tena kabla hujamlipa fundi.