Homa isiyoondoka: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mgonjwa wa aina hii huja na bahasha. Ndani mna vyeti vya zahanati mbili tatu, majibu ya maabara yaliyokunjwa hadi yakachanika kwenye mikunjo, na maganda ya dawa yaliyotunzwa na mke au dada mwenye akili ya kuweka kumbukumbu. Homa ina wiki ya tano sasa. Ametibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akachomwa sindano za masaa, na kila jioni mwili unachemka vilevile.

Madaktari wa magonjwa ya ndani huiita homa isiyojulikana chanzo. Vigezo vyake viliwekwa Marekani mwaka 1961 na madaktari Petersdorf na Beeson: joto linalopita nyuzi 38.3 mara kadhaa, kwa zaidi ya wiki 3, na wiki nzima ya uchunguzi wodini isiyotoa jibu. Siku hizi si lazima mtu alazwe wiki nzima kwanza, ila sharti uchunguzi wa msingi uwe umefanyika kweli. Hapo ndipo mambo mengi huharibika, na mara nyingi kwa sababu ya maneno ambayo watu wameyazoea.

“Nina taifodi sugu, kila nikipima inaonekana”

Dhana hii ndiyo inayopoteza muda mwingi kuliko zote, kwa hiyo nitaikalia kidogo. Kipimo kinachotumika mara nyingi ni cha Widal, kilichoanzia Ufaransa mwaka 1896. Mtu wa maabara huweka matone ya majimaji ya damu juu ya kioo, akayaongezea matone ya kemikali zenye rangi, moja ya bluu na nyingine nyekundu. Kisha hukizungusha kioo taratibu mkononi na kutazama kama kuna chembechembe zinazoshikana. Zikishikana anaandika 1:80 au 1:160, nawe unatoka na karatasi inayosema una taifodi.

Huyo mtu wa maabara hakuona bakteria. Alichokiona ni kinga za mwili, na kinga hizo zinaweza kuwa za taifodi uliyougua miaka iliyopita, za chanjo, za salmonela (jamii ya bakteria wa taifodi) wa aina nyingine, au zimechochewa na maradhi mengine kabisa, malaria ikiwemo. Kwa mtu aliyekulia mahali penye taifodi, Widal moja ya siku moja haithibitishi kitu. Tena kinga hubaki mwilini baada ya mtu kupona, kwa hiyo kurudia kipimo ili kuona “kama imeisha” ni kujitafutia ugonjwa. Wapo kweli watu wanaoendelea kubeba bakteria wa taifodi kwenye kifuko cha nyongo kwa zaidi ya mwaka, lakini hao kwa kawaida hawana homa. Hatari yao ni kwa wanaokula chakula walichokipika.

Kinachothibitisha ni kuotesha damu. Ngozi husafishwa na kuachwa ikauke, damu ya mililita 8 hadi 10 huingizwa kwenye kila chupa, na kazi yote hurudiwa kwenye mshipa wa mkono wa pili, ili bakteria wa ngozi wasije wakadhaniwa ni wa kwenye damu. Chupa hukaa kwenye joto kama la mwili kwa siku 5, pengine zaidi. Nimefungua bahasha nyingi zenye Widal tatu au nne na nisikute hata jibu moja la kuotesha. Na pale linapokuwepo, mara nyingi damu ilichukuliwa baada ya mgonjwa kuchomwa antibayotiki ya seftriaksoni. Dozi chache tu zinatosha kuwanyamazisha bakteria ndani ya chupa huku ugonjwa ukibaki ndani ya mtu.

“Homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo”

Wazee wetu walikuwa na haki ya kusema hivyo. Leo, kwenye maeneo mengi, hesabu imebadilika. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa Moshi, kaskazini mwa Tanzania, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Madaktari walikuwa wamesema malaria kwa wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7. Waliokutwa kweli na homa iliyosababishwa na malaria walikuwa 14, asilimia 1.6. Miongoni mwa waliobaki yalijitokeza maradhi yanayotoka kwa wanyama ambayo karibu hakuna aliyeyafikiria: leptospirosi, homa ya Q, homa za kupe na bruselosi. Moshi si Kigoma wala Geita kwenye malaria nyingi, na kipimo cha haraka cha malaria bado ni cha kwanza popote pale. Ila kikisema hapana, kiaminiwe. Kumpa mtu dawa ya mseto mara ya tatu “kwa usalama” hakumwongezei usalama wowote.

“Ugonjwa ukiwashinda madaktari, lazima ni wa ajabu”

Mara nyingi ni kinyume. Katika wagonjwa 100 wa Petersdorf na Beeson, 36 walikuwa na maambukizi na 19 walikuwa na saratani, na sehemu kubwa ilikuwa maradhi ya kila siku yaliyokuja kwa sura ngeni. Kwetu sura ngeni inayoongoza ni ya kifua kikuu kisichokaa kifuani. Kinaweza kukaa kwenye tezi, uti wa mgongo, utando wa tumbo, uboho, au kikasambaa mwili mzima kwa vinundu vidogo vidogo. Mgonjwa hakohoi, makohozi hana, au anayo na mashine inasema hakuna kitu. Jibu hilo linahusu makohozi yale tu.

Mwingine anayejificha ni maambukizi ya vali za moyo. Mtu aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi utotoni ana vali yenye kovu. Bakteria wa mdomoni wanapita kwenye fizi mbovu, wanakwenda kukaa pale, na homa inaanza polepole pamoja na kukonda na maumivu ya mgongo. Dalili inasikika kwa kifaa cha masikioni cha shilingi chache kuliko bei ya kipimo kimoja cha picha, mradi mtu ausikilize moyo leo, na aurudie tena keshokutwa. Tiba yake ni sindano za wiki 4 hadi 6. Ukikatisha siku ya kumi kwa sababu homa imeshuka, itarudi, na pengine vali itakuwa imetoboka.

Julai 2022 mkoani Lindi watu walikuwa wakiugua homa na kutokwa damu puani, kukawa na vifo, na kwa siku kadhaa nchi nzima ilizungumzia ugonjwa usiojulikana. Ebola, Marburg na Uviko vilipimwa, havikuwemo. Ilikuwa leptospirosi, homa ya mgunda: bakteria anayetoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, anayetibika kwa penisilini au doksisaiklini, dawa ambazo hazikosekani.

Maradhi adimu yapo, sikatai. Lakini uadimu wenyewe unategemea umekaa wapi. Kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na usubi, kwa daktari wa Dar es Salaam ni ugonjwa wa kitabuni. Kwa mwenzake wa Baringo au Pokot Magharibi nchini Kenya, au Amudat upande wa Uganda, mtu mwenye homa ndefu, bandama lililovimba na damu iliyopungua anapimwa kala-azar siku hiyohiyo. Usubi anayeueneza huko hupenda kukaa kwenye vichuguu, na tiba ni sindano za dawa mbili kwa siku 17. Mfugaji akisafiri kwenda kutafuta hospitali kubwa mjini, anaweza kuwa anawakimbia madaktari wanaoujua ugonjwa wake.

“Daktari anayeuliza maswali mengi hajui kazi”

Sikiliza mazungumzo ya kawaida kabisa.

“Mzee wangu, unakunywa maziwa mabichi?”

“Hapana daktari, sinywi.”

“Na mtindi?”

“Mtindi nakunywa. Wa kwetu wa kibuyu.”

“Maziwa yake yanachemshwa kwanza?”

“Ukiyachemsha huo utakuwa mtindi?”

Kwa swali la kwanza mzee hakudanganya. Mtindi kwake si maziwa mabichi. Na kwa hilo la tatu bruselosi imepanda kutoka chini ya orodha hadi juu, pamoja na maumivu ya kiuno na jasho la usiku ambayo yalikuwa yameandikwa uzee. Bado kuna maswali mengine: ng’ombe gani ametupa mimba, nani alimzalisha, nani alichinja. Kipimo cha bruselosi kinachofanywa kwa tone juu ya kioo nacho kina matatizo ya Widal, kwa hiyo jibu lake linahitaji kuthibitishwa kabla ya kuanza tiba, maana tiba ni ndefu: doksisaiklini wiki 6 pamoja na rifampisini, au pamoja na sindano za streptomisini za wiki 2 hadi 3. Wengi huacha wakiona nafuu wiki ya pili, kisha wanarudi wakisema dawa haikufaa.

Maswali mengine yanakera zaidi. Ndoa ya pili, kazi ya gereji au ya mgodini, mwenzako wa chumba aliyekuwa akikohoa, dawa za mitishamba, kipimo cha VVU. Yajibu. Na taja kila dawa unayokunywa, kwa sababu dawa zenyewe huleta homa. Mtu amerundikiwa antibayotiki nne, zote zinasimamishwa, na ndani ya siku 2 au 3 joto limeshuka. Daktari anayethubutu kusimamisha dawa huonekana hajafanya kitu, na ndugu wodini hawamwelewi kabisa.

“Nikipigwa CT scan itaonekana tu”

CT huonyesha jipu la ini, tezi za ndani ya tumbo, uvimbe. Bruselosi haionyeshi. Kipimo cha PET, ambacho Nairobi kipo, huonyesha mahali ambapo seli zinakula sukari kwa wingi na husaidia sana kuchagua pa kukata kinyama cha kupimwa maabara, lakini bado kinyama chenyewe ndicho kitakachosema kama ni kifua kikuu au ni saratani ya tezi za limfu. Wenye mtoki shingoni wana bahati kuliko wanavyojua, maana mahali pa kukata panaonekana kwa macho.

“Kama hawajui, basi wanipe dawa kali nipone”

Kuna nyakati daktari hutibu kabla ya majibu, naye yuko sahihi: akishuku kifua kikuu cha utando wa ubongo, presha ikianguka, au seli nyeupe zikishuka mno. Nje ya hapo, dawa ya kubahatisha hufunga milango. Deksamethasoni, steroidi inayochomwa mitaani, ndiyo mbaya zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu inafanya kazi. Homa inashuka, hamu ya kula inarudi, mtu anasifu duka. Kumbe kifua kikuu kinapata nafasi ya kusambaa, minyoo ya strongiloidi inaweza kulipuka mwili mzima, na kama ni saratani ya tezi za limfu, mtoki unasinyaa na kinyama kitakachokatwa wiki ijayo kinaweza kisitoe jibu.

Hata “majaribio ya dawa za TB” yana mtego. Ndani yake mna rifampisini, inayoua bakteria wengine wengi, wa bruselosi wakiwemo. Mgonjwa akipata nafuu hujui umetibu nini, na akianza kuumwa tena unaanza upya ukiwa na ushahidi kidogo kuliko mwanzo.

“Hospitali hawaoni kitu, basi ni ugonjwa wa Kiswahili”

Kuna ugonjwa mmoja unaoonekana kama umetungwa ili kuthibitisha maneno haya. Mtu mzima, mara nyingi kijana, anapanda homa ya nyuzi 39 na zaidi kila jioni, asubuhi anaamka hana kitu. Koo linauma, viungo vinauma, na homa inapopanda hutokea vipele vyepesi vya rangi ya waridi vinavyopotea kabla ya saa za kliniki. Kwenye ngozi nyeusi vipele hivyo ni vigumu hata kuviona. Malaria hakuna, damu haioteshi kitu, dawa zote hazigusi. Unaitwa ugonjwa wa Still. Mwingereza George Still aliueleza kwa watoto mwaka 1897, na Bywaters akaueleza kwa watu wazima mwaka 1971. Hauna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Dokezo kubwa ni feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma, iliyopanda kupita kiasi na seli nyeupe nyingi, lakini mpaka maambukizi na saratani viondolewe kwanza. Tiba yake ni prednisoloni, ambayo nayo ni steroidi, na wengi huhitaji methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Hapa steroidi ni tiba, kwa kuwa sasa inajulikana inatibu nini.

Simu ya mkononi imesaidia hapa kuliko mashine nyingi. Ndugu akipiga picha ya kipele saa mbili usiku, daktari ataiona saa tatu asubuhi.

“Bila jina la ugonjwa hakuna kupona”

Nchi za Ulaya zenye kila kipimo bado huwaruhusu wagonjwa wengi wa homa hizi bila jina, katika baadhi ya hospitali kufikia nusu yao, na wengi wa hao homa huisha yenyewe. Mgonjwa ambaye hali yake haizidi kuzorota anaweza kufuatiliwa bila antibayotiki yoyote: kupima joto asubuhi na jioni na kuliandika, kupima uzito kila wiki kwa mzani uleule, kurudi kliniki kukaguliwa upya kuanzia kichwani hadi miguuni. Asisubiri tarehe ya kliniki akichanganyikiwa, akishindwa kupumua, akitokwa damu, shingo ikikakamaa au jicho likififia ghafla. Na bahasha aje nayo, pamoja na maganda yote.