T28 au T95? Jitu la tani 86 ambalo halikuonja vita

Ukiwasikiliza wachezaji wa World of Tanks, mchezo wa kompyuta wa vita vya vifaru, utadhani T28, gari la kivita la Marekani, liliwatoa Wajerumani jasho. Wapi! Kiwanda cha Pacific Car and Foundry kiliunda mawili tu, na majaribio yalipoanza Aberdeen, Maryland, Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha. Tuyapime madai yanayosikika kulihusu.

"Ni kifaru kizito." Jina limewachanganya wengi, na si kosa lao. Lilianza kama kifaru T28, mwaka 1945 likabatizwa T95, yaani mzinga unaojiendesha, kisha 1946 likarudishiwa T28. Ukweli ni kwamba halina kichwa cha kuzunguka. Mzinga wake wa milimita 105 umepachikwa kwenye chuma cha mbele na hugeuka kidogo tu, kushoto na kulia. Adui akitokea ubavuni, dereva ageuze gari zima.

"Lilibuniwa kuwinda vifaru vya Kijerumani aina ya Tiger." Hapana. Wamarekani waliumizwa kichwa na Mstari wa Siegfried, ukanda wa ngome za zege magharibi mwa Ujerumani. Walitaka chombo cha kuzisogelea ngome hizo uso kwa uso, kipigwe kisitoboke. Ndiyo maana chuma chake cha mbele kina unene wa hadi milimita 305. Majeshi ya Washirika yaliuvuka mstari huo bila kulisubiri.

"Minyororo minne ni ya kuongeza kasi." Hii hunichekesha. Injini yake ya Ford, nguvu farasi 500, ndiyo ile iliyosukuma Pershing, kifaru kingine cha Marekani, ambacho uzito wake haufiki hata nusu ya jitu hili. Kasi yake haikuzidi kilomita 13 kwa saa. Kijana mwenye baiskeli analipita akipiga mluzi. Minyororo miwili kila upande ilikuwa ya kutawanya uzito lisididimie kwenye udongo laini. Utamu wenyewe uko hapa: ya nje hufunguliwa, ikaunganishwa pamoja, na gari likaiburuta nyuma kama tela. Upana hushuka kutoka mita 4.5 hivi hadi 3.2 hivi, likaweza kusafirishwa. Kazi hiyo ilichukua saa kadhaa za jasho.

"Yote mawili yaliishia kuwa chuma chakavu." Moja liliharibiwa vibaya na moto wa injini likiwa kwenye majaribio Yuma, Arizona. La pili ndilo lililoaminika kukatwakatwa, hadi mwaka 1974 lilipoonekana limetelekezwa kwenye uwanja wa nyuma wa kambi ya Fort Belvoir, Virginia. Tani 86, na hakuna aliyelikumbuka! Lilipelekwa makumbusho ya Fort Knox, Kentucky, na baadaye likahamishiwa Fort Benning, Georgia.